Je, Aya za Maombi Zinapingana?

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mwenyekiti aliponiandikia aliniomba nizungumzie kazi ya Serikali, kwa kuwa huko ndiko ninakopatia riziki yangu. Nilimjibu kwamba ninalo deni ambalo ningependa kulilipa kwanza. Katika mkutano wa mwaka jana, nilipokuwa naelekea kwenye gari, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinifuata mbio. Akasema, "Kaka, shikamoo. Katika Mathayo sura ya 6 tunaambiwa Mungu anajua haja zetu hata kabla hatujamwomba. Sura ya 7 tunaambiwa tuombe ndipo tutapewa. Sasa tufuate ipi?" Wenzangu walikuwa wamekwisha kupanda gari, na dereva alikuwa anapiga honi. Nilimwambia, "Fuata zote mbili," nikaingia garini.

Lile halikuwa jibu. Ilikuwa njia ya kumkwepa mtoto, na njia nzima nilikuwa nikiona aibu. Kwa hiyo leo nimekuja kumjibu, na kwa kumjibu yeye huenda nikawajibu na wengine. Ndugu zangu Waislamu mliomo humu msione kuwa mmesahauliwa. Kuomba dua ni jambo letu sote, na nadhani mtaona swali lenyewe si geni kwenu.

Aibu ile ilikuwa na sababu. Swali la yule kijana lilikuwa swali langu mwenyewe. Mwaka 1996 nilikuwa Kidato cha Tatu katika shule hii. Mama yangu aliugua, akalazwa. Habari zilinifikia kwa simu iliyokuwa ofisini kwa Mkuu wa Shule, ambayo ilikuwa ndiyo simu pekee. Sikuwa na nauli ya kwenda nyumbani, na muhula ulikuwa katikati. Rafiki zangu wawili wakaniambia, "Usihangaike. Mathayo 18:19 inasema kwamba wawili wakipatana duniani katika jambo wanaloliomba, watafanyiwa. Sisi tu watatu." Basi kila usiku baada ya kujisomea tulikwenda nyuma ya jiko, penye mkorosho, tukapatana, tukaomba. Tuliomba siku 11. Siku ya 12 niliitwa tena ofisini, nikaambiwa kwamba mama amefariki.

Niliporudi kutoka msibani sikuwa na machozi tena, nilikuwa na hasira. Nilichukua daftari la kurasa 48, nikachora mstari katikati ya kila ukurasa. Upande mmoja niliandika aya zinazosema tuombe, nao upande wa pili nikaandika aya zinazoonekana kuzipinga. Nikaliita Daftari la Migongano. Nitawasomea baadhi ya niliyoyaandika, si kwa maneno ya Biblia yenyewe ila kwa maana yake, nanyi mtayafuata katika vitabu vyenu.

Mathayo 7:7: aombaye hupewa. Lakini Yakobo 4:3: mnaomba wala hampati.

Luka 18:1: imetupasa kuomba siku zote bila kukata tamaa. Lakini Mathayo 6:7: tusirudie-rudie maneno mengi tukidhani ndiyo yatakayotufanya tusikilizwe.

Mathayo 6:6: ingia chumbani, funga mlango, uombe kwa siri. Lakini Mathayo 18:19: patana na mwenzako, mwombe pamoja.

Wagalatia 6:2: saidianeni kubeba mizigo. Lakini Wagalatia 6:5, aya tatu tu mbele: kila mtu atabeba wake.

Daftari lilipojaa nilimpelekea mwalimu wetu wa Maarifa ya Biblia. Nilitarajia anikemee, na kwa kweli nilitaka anikemee. Alikaa nalo siku mbili. Aliponirudishia alisema, "Umefanya kazi nzuri, lakini umeifanya nusu. Kila aya uliyoandika, andika pembeni yake nani aliambiwa neno hilo, na alikuwa katika hali gani. Ukimaliza urudi." Kazi hiyo sikuifanya wakati ule. Nililitupa daftari sandukuni. Nimekuja kuifanya baadaye sana, nikiwa mtu mzima, na leo nawaletea matokeo yake.

Jambo la kwanza. Kauli mbili zinazopishana si lazima ziwe zinapingana. Sisi Waswahili tunalijua hili tangu utotoni. Mzee anayekuona unakimbilia jambo hukuambia, "Haraka haraka haina baraka." Mzee huyo huyo akikuona unazembea atakuambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Hakuna mtoto aliyepata kumwambia babu yake kuwa amejipinga. Kila mtu anaelewa kwamba babu ametazama hali ya mtoto kabla ya kuchagua methali. Biblia nayo hufanya hivyo waziwazi. Fungueni Mithali 26, aya ya 4 na ya 5. Moja inakataza kumjibu mpumbavu, na inayofuata inaagiza ajibiwe. Walioandika na kupanga kitabu kile hawakuwa vipofu. Waliziweka bega kwa bega makusudi, ili msomaji atumie akili yake kujua leo ni siku ya ipi.

Basi tukifanya kama alivyosema mwalimu wangu, tunaona nini? Mathayo sura ya 6 inawazungumzia watu waliopenda kusimama kwenye pembe za njia ili waonekane wakisali, na wale waliodhani wingi wa maneno ndio unaomsukuma Mungu. Hao ndio walioambiwa kwamba Baba anajua haja zao. Luka 18 imeandikwa kwa ajili ya watu walio karibu kuchoka na kuacha, nayo aya ya kwanza inasema hivyo. Anayeomba ili aonwe na watu huambiwa anyamaze, na aliyekata tamaa huambiwa aendelee. Mganga hawapi wagonjwa wote dawa moja.

Tena yule yule aliyekataza kupayuka-payuka, alipokuwa Gethsemane aliomba mara tatu, na Mathayo 26:44 inasema kwamba mara ya tatu alitumia maneno yale yale. Kwa hiyo kurudia ombi si kosa. Kosa ni kudhani kwamba maneno ni sarafu, kwamba ukizihesabu zikatimia umenunua unachotaka.

Mfano ulio bora kuliko wote wa jambo hili nimeupata katika 1 Wafalme 18. Manabii 450 wa Baali waliomba tangu asubuhi hata adhuhuri na kupita, wakipiga kelele na kujikata-kata. Elia aliomba moto kwa aya mbili tu, na moto ukashuka. Mtu akisimama hapo atasema, "Naam, sala fupi ndiyo inayojibiwa." Lakini endeleeni kusoma. Katika sura hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, Elia huyo huyo alipanda juu ya Karmeli kuomba mvua. Alimtuma mtumishi wake atazame baharini, naye akarudi na kusema hakuna kitu. Akamrudisha mpaka mara ya saba, ndipo likaonekana wingu dogo. Moto ulikuja kwa sala fupi, na mvua ikaja baada ya kungoja kwingi. Mtu alikuwa mmoja, Mungu ni mmoja, na siku ilikuwa moja. Anayetaka kuandika kanuni ya maombi katika mstari mmoja, Elia atamharibia kanuni hiyo kabla ya jua kuchwa.

Jambo la pili. Lugha yenyewe hutusaidia tukiitazama vizuri. Wajuao Kiyunani hutueleza kwamba vitenzi vya Mathayo 7:7 vina maana ya kuendelea: kuomba na kuendelea kuomba, kubisha na kuendelea kubisha. Na Kiswahili chetu kinaonyesha jambo lingine: imeandikwa "ombeni", kwa wingi. Tazameni pia Mathayo 6. Baada tu ya kuambiwa uingie chumbani peke yako na kufunga mlango, unafundishwa sala ya kusali humo, na sala yenyewe ni Baba Yetu. Kwanini isiwe Baba Yangu? Uko peke yako chumbani, mlango umefungwa, lakini umeagizwa uingie na wenzako wote mdomoni mwako. Huoni basi kwamba sala ya siri na sala ya kupatana zimekwisha kukutana hapo?

Hata ule mgongano wa Wagalatia, ambao katika daftari langu niliupigia mistari miwili myekundu, nusu ya jibu lake nilikuwa nayo mkononi. Lugha ya asili ina maneno mawili tofauti, na Biblia yetu ya Muungano, ile iliyotoka mwaka 1952, imeyatofautisha: aya ya 2 inataja mizigo, aya ya 5 inataja furushi. Gunia la mahindi ni mzigo, na mwenzako akilemewa msaidie kujitwika. Lakini furushi la nguo zako ni lako. Hapa shuleni mwenzako akiugua homa, kumpeleka zahanati ni mzigo wenu nyote. Kusoma kwa ajili ya mtihani ni furushi la kila mmoja.

Hapa naingia jambo la tatu, ambalo linawahusu sana watumishi kama mimi na wanafunzi kama ninyi: je, kuomba na kutenda vinapatana? Mara nyingi nimesikia katika midahalo ya wanafunzi mtu akisema Biblia imeandika kwamba Mungu huwasaidia wanaojisaidia. Itafuteni aya hiyo, hamtaipata. Ni msemo wa watu. Benjamin Franklin wa Marekani aliuchapa katika almanaka yake ya mwaka 1736, na wenzake walikuwa wameutumia kabla yake. Biblia inayo mengi ya kusema juu ya wasioweza kujisaidia hata kidogo.

Hata hivyo Biblia haimruhusu mtu kutumia sala kama kisingizio cha kukaa. Katika Kutoka 14:15, bahari iko mbele na jeshi la Farao liko nyuma, Musa anaulizwa kwa nini analia, kisha anaagizwa awaambie watu waondoke waende mbele. Na katika Nehemia 4:9 wajenzi wa ukuta wanaomba, tena papo hapo wanaweka walinzi mchana na usiku.

Huyo Nehemia nampenda kwa sababu alikuwa mtumishi wa Serikali kama mimi. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Aliposikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka aliomba tangu mwezi wa Kisleu hata mwezi wa Nisani, yaani kiasi cha miezi minne. Ndipo mfalme alipomwuliza anataka nini. Kitabu kinasema alimwomba Mungu hapo hapo, kisha akamjibu mfalme. Sala hiyo haikuzidi pumzi moja. Na alipojibu alikuwa amejiandaa barabara: alitaja muda atakaokaa huko, akaomba barua kwa maliwali, na barua ya kupewa miti katika msitu wa mfalme. Mtu aliyeomba miezi minne alikuwa pia amepiga hesabu za mbao.

Na sasa niwape mgongano ambao sikuuona nilipokuwa kijana. Ezra alisafiri njia kama hiyo miaka 13 hivi kabla ya Nehemia, kwa hesabu ya vitabu vyenyewe. Alikuwa na watoto, na mali nyingi: talanta 650 za fedha na 100 za dhahabu. Ezra 8:22 inaeleza kwamba aliona haya kumwomba mfalme askari wa kumlinda, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu unatosha. Akafunga, akaomba, akaenda bila askari. Nehemia 2:9 inatuambia kwamba Nehemia alisafiri pamoja na maofisa wa jeshi na wapanda farasi wa mfalme. Yupi kati yao alikuwa na imani? Kila mmoja wao anasema alifika kwa mkono mwema wa Mungu. Wayahudi wa zamani walivihesabu vitabu hivyo viwili kuwa kitabu kimoja, wala hawakuona haja ya kumfuta mmojawapo. Ezra alikuwa amejifunga kwa neno lake mbele ya mfalme. Nehemia hakuwa amejifunga. Basi wadogo zangu, yule anayekwenda hospitali msimwite mtu asiye na imani, na yule anayekesha akiomba kando ya kitanda msimwite mjinga.

Jambo la nne ni gumu zaidi, nami sitalikwepa. Je, yule aliyeomba vizuri, bila tamaa, bila kujionyesha, wala hakupewa? Yakobo 4:3 inawasema watu waliotaka kutumia kwa tamaa zao. Kwa muda mrefu niliogopa kwamba aya hiyo ilinihusu mimi, kwamba tulipokuwa chini ya mkorosho kulikuwa na kosa katika sala yetu. Nimekutana na watu wazima wanaowaambia wafiwa hivyo hivyo: hukuwa na imani ya kutosha. Nawasihi, msimwambie mtu neno hilo kamwe. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, na 2 Wakorintho 12 inasema hakuondolewa, alipewa neema ya kuubeba. Na Gethsemane aliomba Yeye ambaye Wakristo tunaamini hakuwa na kosa lolote, akaomba kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Ikiwa sala ile iliweza kujibiwa hivyo, basi kunyimwa si ushahidi wa dhambi ya mwombaji. Kwa nini mama yangu alikufa, hilo sijaambiwa hata leo. Lakini siku nilipoitazama aya ya Gethsemane kwa macho hayo, nililitoa daftari sandukuni nikaanza kuandika ile nusu iliyobaki.

Nimalizie kwa kisa kimoja cha kazini, ambacho si cha kujisifu. Mwaka 2006 nilikuwa ofisa kijana katika ofisi moja ya Serikali. Mama mmoja mjane alikuwa akija kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Nilimwambia jalada liko masjala. Alipokuja tena nilimwambia mkubwa yuko safarini. Alipokuja mara ya tatu nilimwambia aje wiki ijayo. Ukweli ni kwamba jalada lilikuwa katika kabati langu, chini ya mengine, na nilikuwa naona uvivu kulianza kwa sababu hesabu zake zilikuwa ndefu. Siku moja akasimama mbele ya meza yangu, hakugomba, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi Mungu nimekwisha kumwomba. Aliyebaki ni wewe."

Akaondoka. Nilibaki nimekaa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeusoma mfano wa Luka 18, wa mjane na kadhi asiyemcha Mungu wala kuwajali watu, nikijiuliza kwa nini Mungu amefananishwa na kadhi yule. Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba Mungu hakufananishwa naye. Mfano unasema ikiwa hata kadhi mbaya hatimaye humsikiliza mjane, Mungu atazidi sana. Kadhi yule alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mimi, na funguo za kabati zilikuwa mfukoni mwangu.

Nilikaa ofisini mpaka saa mbili usiku. Hesabu zile zilichukua siku tatu. Mama yule alikuwa amefuatilia miezi mitano.

Tangu siku hiyo kila barua ya maombi inayofika mezani kwangu naitazama kwa hofu kidogo. Kiswahili kimetupa neno moja kwa barua ile na kwa sala: yote ni maombi. Anayeandika moja mara nyingi amekwisha kupeleka jingine. Mimi nilikuwa nimelalamika miaka kumi kwamba Mungu hajibu, na huku jibu la mtu mwingine nimelifungia kabatini.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniuliza swali, kama umo humu, jibu langu ni hili. Mungu anajua haja yako kabla hujaomba, kwa hiyo usiombe kana kwamba unampa taarifa. Ameagiza uombe, kwa hiyo usinyamaze kana kwamba huna Baba. Ukipewa, shukuru. Ukicheleweshwa, tuma mtumishi atazame baharini mara ya saba. Ukinyimwa, kumbuka kwamba si wewe wa kwanza. Na siku utakapokaa nyuma ya meza yako, uwe daktari, mwalimu, hakimu au karani wa masjala, fungua kabati.

Nimesema kwamba mwaka jana nilikujibu nikiwa na haraka. Leo sina haraka. Baada ya chakula nitakaa pale chini ya mkorosho, maana nimekwenda kuutazama asubuhi na bado upo. Mwenye swali na aje.